Kiingilio dola tano: hesabu ya bendi ya roki isiyo na tajiri

Fugazi, bendi ya roki ya Washington, D.C., ilisafiri na bahasha. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na dola 5. Kijana akianza kurusha ngumi na mateke mbele ya jukwaa hadi kuumiza wenzake, muziki ulisimama. Ian MacKaye au Guy Picciotto, waimbaji na wapiga gitaa wa bendi, alimsemesha kwenye kipaza sauti, tena kwa kumwita bwana. Asiposikia, alisindikizwa hadi mlangoni na kupewa bahasha yake. Kiingilio chake kimerudi chote, hakuna anayemdai mwenzake, shoo inaendelea.

Dola 5 ndiyo ilikuwa bei ya kuwaona Fugazi. Baadaye ilipanda kidogo, na kidogo kweli. Kati ya Septemba 1987 na Novemba 2002 bendi hii ya watu wanne ilipiga zaidi ya shoo 1,000, katika majimbo yote 50 ya Marekani na nje yake, Ulaya, Japani, Australia na Brazil zikiwemo. Hawakuwa na meneja. Hawakuuza fulana. Hawakusaini na kampuni kubwa ya rekodi, ingawa mkuu wa Atlantic Records, Ahmet Ertegun, aliwafuata mwenyewe kwenye shoo yao jijini New York mwaka 1993 kuwashawishi. Na bado muziki uliwalisha.

Mashabiki wengi huisimulia habari hii kama habari ya utawa, ya watu wema waliokataa pesa. Nawapenda Fugazi, lakini simulizi hiyo inawapunja, maana inaficha jambo walilolijua kuliko wanamuziki wengi wa kizazi chao, nalo ni hesabu. Bei ndogo mlangoni iliwezekana kwa sababu matumizi yalikuwa madogo zaidi, na matumizi yalikuwa madogo kwa sababu karibu kila kitu kinachogharimu pesa walikimiliki wenyewe au walikifanya kwa mikono yao.

Tajiri ni nani

Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo marefu kuhusu tajiri wa bendi. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, swali la kwanza kuhusu bendi yoyote lilikuwa: vyombo ni vya nani? Super Matimila ya Remmy Ongala ilichukua jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki aliweza kuhama bendi usiku mmoja, lakini gitaa, spika na ngoma vilibaki kwa mwenyewe, na mara nyingi hata jina la bendi.

Marekani tajiri huyo alivaa sura nyingine. Kampuni kubwa ya rekodi haikukodishi gitaa, inakupa advansi. Neno hilo husikika kama zawadi, kumbe ni mkopo unaorudishwa kutoka kwenye mirahaba yako, yaani ile sehemu ndogo ya bei ya kila santuri ambayo mkataba unakuachia. Gharama za studio zinaingia kwenye deni hilo. Video, mara nyingi inaingia. Pesa za kusaidia ziara, za basi na hoteli, nazo zinaingia. Kwa hiyo bendi inaweza kuuza santuri laki moja, ikalala kwenye basi lenye vitanda, na bado ikawa haijaona senti ya mirahaba kwa sababu deni halijaisha. Kanda mama, zile ambazo rekodi zote huzalishwa kutoka kwake, hubaki mali ya kampuni.

Bendi huru ni ile iliyokataa kuingia kwenye deni hilo. Hapo ndipo maisha yake yote yanapoanzia: ikiwa hakuna wa kukukopesha basi, lazima ujifunze kusafiri bila basi.

Waliolima barabara

Kabla ya Fugazi kulikuwa na watu waliofyeka njia. Black Flag walianza mwaka 1976 huko Hermosa Beach, California, wakiongozwa na mpiga gitaa Greg Ginn. Ginn alikuwa na kampuni ndogo ya vifaa vya redio aliyoianzisha akiwa bado mtoto wa shule, iliyoitwa kwa kifupi SST. Walipokosa kampuni ya kutoa rekodi yao, mwishoni mwa miaka ya 1970 Ginn aliigeuza SST kuwa lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, na kutoa santuri ya bendi yake mwenyewe.

Santuri peke yake haitembei. Mpiga besi, Chuck Dukowski, alikaa kwenye simu siku nzima akitafuta mtu wa kuwapokea katika miji ambayo haikuwa na klabu ya panki, ile roki ya kasi na kelele, hata moja. Kijana mmoja mwenye duka la rekodi, mwingine mwenye kipindi cha redio chuoni, mwingine anayejuana na mtunza ukumbi wa maveterani. Namba zikaandikwa daftarini, na daftari likagawiwa kwa bendi nyingine. D.O.A. wa Vancouver, Kanada, walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo upande wao, na bendi hizi zilipeana namba bila kudaiana. Katika miaka ya 1990 jarida la Maximum Rocknroll la California lilikuja kuchapisha maarifa ya namna hiyo kama kitabu cha mwongozo, mji kwa mji: nani anaandaa shoo, nani ana sakafu ya kulala wageni. Mtandao huo wa namba za simu ndio miundombinu halisi ya roki huru. Bila huo, gari ni chuma tu.

Njia hiyo ilikuwa na bei yake. Polisi wa Los Angeles waliwasumbua Black Flag kiasi kwamba shoo zao nyumbani zilivunjwa mara kwa mara; sababu mojawapo ya kusafiri sana ilikuwa kwamba kwao hapakaliki. Mwaka 1981 walijaribu kusambaza albamu kupitia Unicorn, lebo iliyokuwa na mkataba wa usambazaji na kampuni kubwa ya MCA. Bosi mmoja wa MCA aliisikiliza, akasema ni rekodi ya kupinga wazazi, na kampuni ikakataa kuisambaza. Ikafuata kesi mahakamani, bendi ikazuiwa kutoa rekodi kwa jina lake, na Ginn na Dukowski wakafungwa siku tano kwa kudharau amri ya mahakama. Katika kipindi chote hicho, kilichowaweka hai ni shoo. Mahakama ilizuia santuri. Haikuweza kuzuia gari.

Nikiri pia kwamba lebo huru si lazima iwe lebo ya haki. Bendi kadhaa zilizotoa kazi zao SST, Sonic Youth na Meat Puppets zikiwemo, zilikuja kudai mirahaba yao na kuchukua tena kanda zao. Dischord, lebo ya MacKaye, ilifuata njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 1980 kwa pesa ambazo bendi yake ya ujana, Teen Idles, ilizikusanya kutokana na shoo badala ya kugawana, takriban dola 600. Haikuandikishana mikataba na bendi. Gharama za santuri zikisharudi, faida inagawanywa. Mfumo huo unafanya kazi kwa sababu lebo ilijifunga kutoa muziki wa Washington tu, na watu wake wanajuana kwa sura.

Econo

Neno lililoibeba falsafa hii lilitoka San Pedro, mji wa bandari jirani na Los Angeles. Minutemen walikuwa watatu: D. Boon kwenye gitaa, Mike Watt kwenye besi, George Hurley kwenye ngoma. Boon na Watt walikuwa marafiki tangu utotoni, wote wakitoka kwenye familia za kipato kidogo. Namna yao ya kufanya kazi waliiita “econo”, neno la mtaani kwao lenye maana ya kubana matumizi bila kuona aibu. Walirekodi usiku wa manane kwa sababu studio ilikuwa nafuu saa hizo, kwenye kanda zilizokwisha kutumika. Albamu yao ya mwaka 1984 ilikuwa na nyimbo zaidi ya 40 na iligharimu takriban dola 1,100. Walifunga vyombo wenyewe na kuvifungua wenyewe.

Watt ana maelezo ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa jambo zima. Yeye na Boon waliigawa dunia mafungu mawili, shoo na vipeperushi. Kisicho shoo ni kipeperushi cha kuwaleta watu kwenye shoo: bango, mahojiano ya redio, hata santuri yenyewe. Kwa kampuni kubwa ilikuwa kinyume. Ziara ilikuwa tangazo la kuuza santuri, na tangazo linaruhusiwa kula hasara kwa sababu pesa itarudi kwingine. Ukishageuza mpangilio huo, ziara haiwezi tena kula hasara. Kila usiku lazima ujilipe.

Chombo cha kazi kilikuwa gari kama Ford Econoline, kaka mkubwa wa Hiace tunazozijua. Viti vya nyuma vinang'olewa, mbao zinapigiliwa kutengeneza kichanja, vyombo vinakaa chini na watu wanalala juu. Kutoka Los Angeles hadi New York ni takriban kilomita 4,500, kwa hiyo ziara hupangwa kama mchuuzi wa magulio anavyopanga njia yake: leo mji huu, kesho ule ulio mbele, bila kurudi nyuma, bila siku tupu. Siku isiyo na shoo bado inakula petroli na chakula. Ndiyo maana bendi hizi zilipiga hata Jumatatu, katika miji midogo, mbele ya watu ishirini.

Tarehe 22 Desemba 1985, siku chache baada ya Minutemen kumaliza ziara ya kuwatangulia jukwaani bendi ya R.E.M., D. Boon alikuwa akisafiri Arizona. Haikuwa safari ya kazi. Alikuwa na homa, amelala nyuma ya gari bila mkanda. Gari liliacha njia, akarushwa nje na kufa. Alikuwa na miaka 27. Sijui bendi ya barabarani isiyolifikiria jambo hili, maana kulala nyuma ya gari ndiko walikolala wote. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo rasmi kwamba magari ya abiria 15 yakijazwa huwa rahisi zaidi kupinduka. Ndiyo magari yale yale. Watt na Hurley walikaribia kuacha muziki, hadi kijana shabiki kutoka Ohio, Ed Crawford, alipowafuata San Pedro na kuwashawishi waanze tena. Tangu hapo Watt ametunukia rekodi zake kwa rafiki yake, na hajaacha kuendesha gari.

Usiku mmoja, hesabu mbili

Bendi hulipwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni malipo ya uhakika, kiasi kilichokubaliwa hata ukumbi ukiwa mtupu. Ya pili ni kugawana mapato ya mlangoni baada ya kutoa gharama za ukumbi. Promota hupenda ya pili kwa bendi asiyoijua, na bendi ngeni mjini haina nguvu ya kubisha. Hapo kinachojalisha ni nani anayehesabu vichwa vinavyoingia na nani anayeandika gharama. Bendi yenye akili humweka mtu wake mlangoni.

Tufanye hesabu ya mfano, yenye namba nilizozichagua ili kazi yenyewe ionekane. Ukumbi wa kanisa, watu 300, kiingilio dola 5: zimeingia 1,500. Kodi ya ukumbi 200, spika na fundi mitambo 300, matangazo na walinzi 100, bendi mbili za kufungua 200. Zimebaki 700. Petroli, chakula cha watu sita na akiba ya matengenezo ya gari, tuseme 200. Zimebaki 500, na wanne wakigawana kila mmoja anapata 125. Usiku huo wamelala sakafuni kwa mwenyeji.

Sasa weka bendi ile ile, watu wale wale 300, lakini ina meneja anayechukua asilimia 15 na wakala wa shoo anayechukua 10. Kwenye zile 700 zimeondoka 175. Petroli na chakula, 200. Vyumba vitatu vya hoteli ya bei ya chini, 240. Zimebaki 85. Kila mmoja anaondoka na dola 21 na senti, na bado hakuna aliyetaja basi. Njia pekee ya kutoka hapo ni kupandisha kiingilio. Ukikipandisha, kijana wa miaka 16 anabaki nje.

Na huyo kijana ndiye waliyemtafuta Fugazi. Walisisitiza shoo za umri wote, sharti lililokuwa gumu kuliko bei. Klabu nyingi za Marekani huishi kwa pombe kuliko kwa kiingilio, na baada ya sheria ya mwaka 1984 kuyabana majimbo yapandishe umri wa kunywa hadi miaka 21, vijana wengi walifungiwa nje ya kumbi zinazopiga muziki uliotungwa na watu wa rika lao. Kwa klabu, shoo ya umri wote ni usiku wa mauzo hafifu. Fugazi walijibu kwa kuzikwepa klabu nyingi na kutumia makanisa, kumbi za jamii na viwanja vya michezo vya ndani. Kwao Washington walipiga mara nyingi shoo za kuchangia misaada, na nyingine za bure bustanini Fort Reno.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Baada ya albamu yao ya mwaka 1990 walipiga shoo 250 kati ya Machi 1990 na Juni 1991, wakijaza kumbi za watu elfu moja na zaidi, na albamu ikauza nakala laki kadhaa bila matangazo ya kampuni kubwa. Piga hesabu ya watu 1,000 kwa dola 5 kila mmoja, kwa gharama za mfano wetu zilizokuzwa kidogo, uone mwenyewe kwa nini ofa ya Atlantic haikuwatetemesha.

Kuhusu fulana sitawafuata hadi mwisho. Kwa bendi nyingi, meza ya fulana nyuma ya ukumbi ndiyo inayojaza tangi la petroli. Fugazi waliweza kuikataa kwa sababu walikuwa na lebo yao na umati wao. Bendi yenye watu 40 kwa usiku ikiwaiga katika hilo, itakwama njiani.

Saa 23 nyingine

Shoo ni saa moja. Zilizobaki ni kuendesha, kusubiri, kupakua, kupakia, kutafuta simu, kumtafuta fundi wa gari Jumapili. Sauti hupotea, na mwimbaji hana siku ya kuirudisha. Masikio huharibika polepole. Ugomvi wa waliofungiwa kwenye gari moja kwa miezi miwili huanzia kwenye soksi na kuishia kwenye mgawanyo wa haki za nyimbo. Bendi nyingi zaidi huvunjwa na hilo kuliko na madeni. Wanaodumu huwa na kanuni ndogo zisizoandikwa: nani hukaa mbele, nani hashikwi na usingizi saa nane usiku, nani asisemeshwe asubuhi. Wengi wana kazi nyumbani zinazovumilia kutokuwepo kwao, jikoni, ujenzi, ghalani, na wanazipoteza mara kwa mara.

Leo daftari la namba za simu liko kwenye simu ya kila mtu, na hilo ni faraja kubwa. Mengine yamekaza. Santuri kama kipeperushi imekuwa wimbo wa kusikilizwa mtandaoni, na tangu 2024 Spotify haiulipi wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Baadhi ya kumbi hudai asilimia ya mauzo ya fulana. Septemba 2023 Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa shoo, ilitangaza kuacha makato hayo katika klabu zake na kuzipa bendi dola 1,500 za petroli na safari kwa kila shoo. Wenye kumbi huru wakalalamika kwamba wao hawana mfuko wa kushindana na hilo. Aprili 2024 Marekani ilipandisha ada ya ombi la kuingiza wasanii wa kundi kutoka dola 460 hadi zaidi ya 1,600, wenye kampuni ndogo wakitozwa karibu nusu ya hiyo. Hiyo ni kabla ya viza yenyewe.

Ada hiyo ndiyo inayowagusa watu wetu. Nairobi ina wapiga roki na metali wa miaka mingi. Kundi la Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na mmoja wa wanakundi, Lord Spikeheart, alitoa ya kwake mwaka 2024 kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu, huku akipiga sana Ulaya. Mpango ni ule ule wa Hermosa Beach, ila mpaka wa kwanza anaokutana nao mwanamuziki wa Nairobi uko kwenye dirisha la ubalozi, kabla gari halijawashwa.

Bendi hizi pia huchoka. Tarehe 4 Novemba 2002 Fugazi walipiga shoo London, wakarudi nyumbani kwa familia zao, na hawajapiga tena. Hawakutangaza kuvunjika. Hapakuwa na advansi ya kurudisha wala albamu mbili walizodaiwa kwa mkataba, kwa hiyo hakuna aliyewapeleka mahakamani kwa kukaa nyumbani. Fundi mitambo wao alikuwa amerekodi sehemu kubwa ya shoo zao kwenye kanda. Kuanzia Desemba 2011 wamezifungua mtandaoni, zaidi ya shoo 800, pamoja na makosa, kelele za spika na yale mazungumzo na vijana wa kurusha ngumi. Bei wanayopendekeza kwa kila shoo ni dola 5, na anayetaka kutoa pungufu au zaidi anaruhusiwa.